Mkono wa Kumtoa Zamda

Hapo zamani, na msiitafute mbali maana umeme ulikuwapo na simu za kugusa zilikuwapo, katika mji mdogo wa pwani upande wa kusini wa Tanga, paliishi binti jina lake Zamda. Alikuwa amechumbiwa na Shaweji, kijana fundi wa majokofu. Shaweji alimpenda vile vile alivyo, na unene wake, na kicheko chake. Nalisema mapema ili baadaye asitokee mtu wa kumbebesha Shaweji lawama isiyo yake.

Mji ule ulikuwa na desturi. Binti akikaribia kuolewa anawekwa ndani, anaitwa mwali, naye anapewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunda na kumsinga. Kumsinga ni kumsugua mwili mzima kwa singo, unga wa liwa, karafuu na mawaridi uliokandwa kwa marashi, mpaka ngozi ing'ae. Na atakachokiona somo kwenye mwili wa mwali hakitoki chumbani. Akikitoa, usomo wake umekwisha. Hakuna nyumba itakayomwita tena.

Halafu siku ya harusi mwali hutolewa mbele ya wanawake. Mkono wa kushoto unashikilia mtandio uliomfunika uso. Mkono wa kulia unashikwa na mwanamke mmoja anayemwongoza mpaka kwenye kiti chake. Mmoja, si wawili. Na huyo anayemtoa, mji mzima unamtazama na kusema, huyu ndiye aliyemfikisha. Kwa kawaida ni somo na hakuna anayeuliza. Kwa Zamda waliuliza, na sababu yake ndiyo hii.

Ilianzia kwa fundi cherehani. Zamda alikwenda kujaribu gauni, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Fundi akavuta, Zamda akabana tumbo, zipu ikakaa pale pale. Dada yake Shaweji alikuwa kwenye benchi anamumunya ubuyu. Akauliza, "Kaka yangu anaoa mmoja au wawili?"

Wakacheka wote. Zamda naye akacheka, maana kugombana na wifi kabla hata hujaingia kwao, unaanzaje? Lakini alipofika nyumbani alijifungia.

Hapo ilitakiwa fundi aachie mishono, basi. Kitambaa cha kuachia kilikuwapo. Gauni likibana mwenye kosa ni gauni. Ila katika watu wote waliokuwa pale hakutoka hata mmoja wa kusema hivyo, na mimi hilo linanikera mpaka leo.

Zamda alikuwa na binamu yake, Hidaya, mtoto wa mama mdogo, wameshibana tangu utotoni. Hidaya akaja, akasikia, akanyanyua kidevu. "Niangalie hapa. Si nilikuwa na kidevu cha pili? Kiko wapi?" Akamweleza kwamba Tausi wa saluni anachoma sindano za kuyeyusha mafuta. Unachomwa, unavimba kidogo, unashuka, umekwisha. Yeye mwenyewe kachomwa wiki iliyopita na hana neno.

Tausi alikuwa msusi, na kwa kusuka hakuna aliyemshinda. Sindano hakusomea. Alifundishwa na mama mmoja aliyepita akiuza vichupa, na mengine akayaona kwenye simu. Akamlaza Zamda kwenye kochi la saluni, akamchoma mikono ya juu, akamchoma tumbo. Zamda akauliza kama kuna hatari. Tausi akasema, "Dada, mimi ningekuchoma kitu ninachokiogopa?" Na alikuwa anasema kweli. Hakukiogopa kwa sababu hakukijua.

Uvimbe ukaja, ukashuka. Zipu ikapanda. Wakafurahi. Kisha, wakati kila mtu ameshasahau, vikaanza vinundu. Vigumu, chini ya ngozi, kama punje za mahindi. Vikageuka rangi, vikawa vya zambarau.

Zamda akaviona, akanyamaza. Harusi ilikuwa karibu. Hidaya naye akaota kimoja chini ya taya, akajifunika mtandio, akanyamaza. Akamwambia Tausi peke yake. Tausi akajibu kwamba ni mafuta yanatafuta njia ya kutokea, yatakwisha. Kisha naye akanyamaza.

Zamda akawekwa ndani, akapewa somo, Bi Mwanakombo. Huyu alikuwa amefunda mabinti wa mji ule mpaka mabinti wa mabinti wake. Mdomo wake ulikuwa kufuli. Mume wake mwenyewe, wanasema, alifariki bila kumtoa hata neno moja la chumba cha mwali.

Bi Mwanakombo akaanza kusinga. Mkono wake ukafika kwenye vinundu, ukasimama. Akauliza ni nini. Zamda akasema ni joto. Bi Mwanakombo akasadiki, au alitaka kusadiki, akaendelea kusugua. Zamda akauma meno. Bi Mwanakombo akamwambia avumilie, mwali hasingwi kwa pamba. Kesho yake akasugua zaidi, akidhani singo itavilainisha. Kinundu kikapasuka. Akakipaka singo juu yake. Kingine kikapasuka, akakipaka nacho. Hapo alikosea, na simfichi kwa sababu ya umri wake. Mwali akilia si kila kilio ni cha deko.

Asubuhi moja alifungua kanga akakuta ngozi pembezoni mwa vidonda imekuwa nyeusi. Harufu ya mawaridi ilikuwa chumba kizima, na chini yake palikuwa na harufu nyingine. Zamda alikuwa anatetemeka kwa homa. Akamshika somo wake mkono, akamweleza yote, Hidaya, Tausi, sindano. Halafu akamwapisha asiseme.

Bi Mwanakombo akatoka, akamwita mama yake Zamda pembeni, akamnong'oneza. Mama akasikia, akashika kichwa. Kisha akasema maneno ambayo mama yeyote mwenye kadi zilizokwisha kugawiwa angeweza kuyasema, "Somo, tumalize harusi kwanza. Hospitali ipo, haihami."

Bi Mwanakombo akarudi chumbani, akamtazama mwali wake. Akatoka tena. Safari hii hakumwita mtu pembeni. Alikwenda katikati ya ua, walipokuwa wanawake wa ukoo wanachambua mchele wa pilau, akasimama mbele ya nyungo zao.

"Zamda anaoza mwili," akasema. "Alichomwa sindano za kukonda. Nimeona kwa macho yangu, nimeshika kwa mikono yangu. Asiyeniona muongo atafute gari sasa hivi."

Nyungo zikasimama. Mama yake Zamda akaona aibu ile haifunikiki tena, akaenda kutafuta gari. Lakini kabla hata gari halijafika, mmoja wa shangazi alishasema kwa sauti ya kusikika, "Somo kamvua mwali nguo uani." Maneno yakatembea. Nyumba iliyokuwa imemwomba Bi Mwanakombo amfunde binti yao mwezi ule ikatuma mtu kusema wamepata mwingine.

Wakafika hospitali kubwa. Daktari wa ngozi, mama mmoja asiye na maneno mengi, akasafisha vidonda, akatoa dawa. Dawa hazikufanya kitu. Akabadilisha. Hazikufanya kitu. Vidonda vikawa vinatembea.

Daktari akawaita ndugu akawaambia wazi. Anataka vitu viwili. Kwanza ajue ni nini hasa kilichoingia mwilini. Pili, apate kipande cha nyama kutoka kwenye kinundu ambacho hakijapasuka, akipime, ajue ni kijidudu gani na dawa gani inakiua. Vya Zamda vyote vimesuguliwa vikafunguka, vimeingiwa na singo na kila takataka, ukikata pale utapata vijidudu vya nchi nzima. Asipovipata viwili hivyo mapema, ngozi ya tumbo itaendelea kufa, na baada ya ngozi ni damu.

Hidaya alikuwa amesimama nyuma ya wote, na mtandio wake shingoni. Hakuna mtu aliyejua kwamba anacho kinundu, isipokuwa Tausi. Cha kwake kilikuwa kimoja, kidogo, kimefunga. Angeweza kukaa nacho. Naye pia alikuwa na mchumba anayezunguka zunguka, hajasema neno, anatazama uso.

Akavua mtandio. "Nikate mimi," akasema.

Daktari akamwangalia, akamwambia ukweli wake. Hapo ni usoni, na nyama hii haiponi vizuri. Kovu litabaki na litaonekana. Kama anataka apewe siku ya kufikiri. Hidaya akajibu kwamba alipompeleka mwenzake kuchomwa hakufikiri, leo ndiyo afikiri? Akakatwa. Nyama ikapelekwa mbali kwenye maabara, na majibu yake yalikuwa ya kusubiriwa wiki kadhaa.

Na Zamda je, angesubiri wiki kadhaa? Hapo ndipo Tausi anapoingia.

Tausi, habari zilipotoka uani, alifunga saluni. Yule mama wa vichupa akampigia simu, akamwambia atupe kila kitu, aseme alikuwa anasuka tu. Ndugu zake wakamwambia aende Unguja kwa shangazi mpaka mambo yapoe. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Zamda na Hidaya wangesema, yeye angekana, ingekuwa kelele za wanawake wa saluni. Begi likafungwa.

Badala ya kwenda bandarini akaja hospitali. Akaingia wodini na mfuko wa plastiki mkononi. Mama yake Zamda alipomwona alimwendea moja kwa moja akamzaba kofi, lile kofi la mkono mzima. Tausi hakurudi nyuma. "Nipige, mama," akasema, "lakini daktari kwanza anisikie."

Akakitoa kichupa, akakiweka mezani. Daktari akasoma, akauliza kama ndicho hicho peke yake. Sasa sikilizeni. Tausi angeweza kusema ndiyo. Angesema ndiyo, kosa lingekuwa la kichupa, la aliyekiuza, la kiwanda cha huko kilikotoka. Hakusema hivyo. Kisha akasema, "Tangu siku ya Hidaya kilikuwa kidogo, nikataka kidumu. Niliongeza maji. Ya ndoo ya saluni, ya kuoshea nywele."

Mama yake Zamda akakaa chini. Daktari yeye hakupiga kelele. Akauliza tena, maji ya bomba? Hayakuchemshwa? Hayakuchemshwa. Basi akaita nesi, akaandika dawa mpya papo hapo, dawa za kupambana na vijidudu vinavyokaa majini, ambavyo dawa za kawaida havizisikii. Akazianza bila kusubiri maabara. Tausi akatoka pale akaenda mwenyewe kueleza kituoni. Saluni ikafungwa kwa amri, naye akaadhibiwa kama sheria inavyotaka.

Vidonda vikaacha kutembea. Majibu ya nyama ya Hidaya yalipokuja, yakathibitisha ni vile vile vya majini, yakaonyesha na dawa ipi inavimaliza na ipi inapoteza muda. Daktari akapunguza hii, akaongeza ile. Hidaya naye akanywa dawa hizo hizo. Ngozi ya Zamda ikaanza kufunga, polepole, kutoka pembeni kuja kati.

Dawa zilikuwa za miezi mingi. Harusi ikapita tarehe yake. Watu wakangoja waone Shaweji atafanya nini, na wengine, nawajua, walitamani akimbie ili wapate la kuzungumza. Shaweji akawa anakuja kila jioni na chupa ya uji. Alipoulizwa na wazee kuhusu tarehe alisema, "Harusi si Idi, kwamba ikipita umeikosa." Dada yake naye akaja, yule wa ubuyu. Alikaa pembeni ya kitanda bila kujua pa kuweka mikono, mwishowe akamwomba Zamda radhi. Zamda akamwambia, "Nitakusamehe wifi, lakini siku yako ya gauni nitakuja na benchi langu mwenyewe." Akacheka kile kicheko chake, na wodi nzima ikajua kwamba huyu amepona.

Akarudi nyumbani. Alama zilibaki, mikononi na tumboni, mabaka meusi yenye mabonde madogo. Akashona gauni jipya la mikono mifupi, kwa kutaka mwenyewe. Mama yake akauliza kuhusu mabaka. Zamda akasema yaonekane, kuna mabinti uani wanapanga kuchomwa sindano zao.

Siku ikafika. Ua umejaa, ngoma inapigwa, vigelegele vimeshaanza. Zamda yuko chumbani, mtandio usoni, mkono wa kushoto umeshaushika mtandio. Na ndani ya chumba kile wako watatu. Bi Mwanakombo kaja kwa sababu ni somo. Hidaya kaja kwa sababu ni Hidaya. Na Tausi, adhabu yake imekwisha, kaja kwa sababu Zamda kamwita kuja kumsuka, akasema nywele zangu hazishiki mwingine.

Mama yake akaingia. "Nani anamtoa? Watu wanasubiri."

Bi Mwanakombo akanyoosha mkono, Hidaya naye akanyoosha wake. Wakatazamana.

"Mwanangu, teremsha," akasema Bi Mwanakombo. "Mimi ndiye somo. Mabinti wote niliowafunda niliwafungia mdomo, nikaufungua kwa huyu mmoja. Mlango wangu haujabishwa tangu siku ile. Nisingesimama pale uani, huyo daktari mngemwona wapi? Na leo mkono huu ukinipita, mji utasema waliokuwa wananisema walikuwa na haki."

Hidaya akasema, "Bibi, nakuheshimu. Lakini wewe ulitoa maneno. Mimi nimetoa nyama." Akashika taya. "Wewe wakikuita tena kufunda, hasara yako imekwisha. Yangu kila asubuhi iko kwenye kioo. Yule aliyekuwa anazunguka haji tena. Bila kipande changu, daktari angekuwa anabahatisha mpaka leo."

Tausi alikuwa anakusanya vitana vyake. Zamda, kutoka chini ya mtandio, akamuuliza, "Na wewe husemi?"

"Mimi sidai kitu, dada," akasema Tausi.

"Sikuuliza kama unadai. Nimeuliza kama husemi."

Tausi akaweka vitana chini. "Basi nitasema. Bi Mwanakombo alitoa siri, ilikuwa siri yako. Hidaya alijitoa, na kila mtu akamhurumia na kumsifu. Mimi nilitoa siri yangu mwenyewe, na hakuna aliyenisifu wala sikutegemea. Kichupa ningekitupa. Maji nisingeyataja. Hakuna mtu duniani aliyeyajua maji yale isipokuwa mimi."

Bi Mwanakombo akageuka. "Wewe ndiye uliyemtupa shimoni, halafu unataka sifa ya kumvuta?"

"Nani alimsugua vidonda, bibi?"

"Na nani," akasema Hidaya polepole, "aliyempeleka saluni."

Kwa mara ya kwanza wote watatu walikuwa wanatazama sakafu, na nje ngoma inazidi. Mama yake Zamda akafungua mdomo, kisha akakumbuka maneno yake ya siku ile kuhusu hospitali isiyohama, akaufunga.

Ndipo Zamda akasema, "Nyote mlinitia, nyote mkanitoa. Sina ninayemdai na sina nitakayemaliza kumlipa. Lakini mkono ninao mmoja."

Akasogea mlangoni. Wanawake uani wakaona pazia linatikisika, wakapiga vigelegele. Zamda akaunyoosha mkono wa kulia, wenye hina na baka lake jeusi juu ya kiwiko, na mikono mitatu ikawa mbele yake.

Sasa asitokee mtu wa kuniambia angeshikwa na wote. Mlango ule unapitisha wawili tu, na desturi nimeshaieleza. Wala asiniambie atoke peke yake, maana mwali asiyeshikwa mkono ni mwali asiye na watu, na huyu watu alikuwa nao. Semeni mnavyoona, na semeni wazi, msinitafunie maneno.

Yuko aliyevunja kiapo cha maisha yake akapoteza jina. Yuko aliyetoa nyama ya uso wake akapoteza uso. Yuko aliyesema ukweli ambao hakuna mwingine angeujua akapoteza kazi. Na Zamda yuko mlangoni, mzima, mkono wake uko hewani.

Je, nani alistahili kuushika?